Majina ya Miti ya Ukambani na Orodha ya Spishi za Ulimwengu

UTANGULIZI

Katika nyanda kavu za Kitui na Makueni, mashariki mwa Kenya, huota mti ambao wenyeji wauita mukau. Mbao zake haziliwi na mchwa kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hutengenezewa milango, vitanda na mizinga ya nyuki. Majani yake hulishwa mbuzi wakati wa kiangazi. Wakamba walikuwa wakiutumia na kuutaja mti huo muda mrefu kabla ya mwanabotania wa Kijerumani, Georg Volkens, kufanya kazi yake kwenye mlima Kilimanjaro kati ya 1892 na 1894. Hata hivyo, ulipoandikwa kwa mara ya kwanza katika taaluma ya botania mnamo 1895 uliitwa Melia volkensii, na jina la mgeni huyo limebaki nao hata leo.

Tangu hapo mti mmoja una majina mawili, na kila jina lina kazi yake. Melia volkensii humwezesha mtaalamu aliyeko Nairobi kuelewana na mwenzake aliyeko Tokyo bila shaka yoyote. Mukau humwezesha mkulima wa Kibwezi kumweleza jirani yake ni mti gani apande mpakani mwa shamba. Tatizo huzuka pale watu hawa wawili wanapotaka kuzungumza pamoja, kwa kuwa anayepaswa kuwaunganisha aghalabu hana chombo cha kufanyia kazi hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi orodha ya pamoja ya majina ya spishi za ulimwengu ilivyojengwa, na kisha yanachunguza namna majina ya Kikamba yanavyoingizwa katika orodha za aina hiyo. Hoja yake ni kwamba jina la mwenyeji lina muundo wake wa kisarufi na mahali pake pa matumizi. Likinakiliwa bila mambo hayo mawili, halimfai mtaalamu wa mimea wala mkulima. Kulinakili ipasavyo ni kazi ya mwanaisimu, na kazi hiyo bado haijafanywa vya kutosha.

ORODHA YA PAMOJA ILIVYOJENGWA

Msingi wa utaratibu wa majina ya kisayansi uliwekwa na Carl Linnaeus wa Uswidi. Kabla yake mmea ulitajwa kwa sentensi nzima ya Kilatini iliyoeleza majani, maua na matunda yake. Katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753, Linnaeus aliupa kila mmea jina la maneno mawili: la kwanza likitaja jenasi, na la pili likiipambanua spishi ndani ya jenasi hiyo. Wataalamu wa baadaye walikubaliana kwamba majina ya mimea yahesabiwe kuanzia kitabu hicho, na majina ya wanyama kuanzia toleo la kumi la Systema Naturae la mwaka 1758.

Kanuni mbili ndizo zinazoshikilia utaratibu huu. Kanuni ya kwanza ni ya kutangulia: majina mawili yakigongana juu ya mmea mmoja, kwa kawaida lililochapishwa kwanza ndilo hushinda. Kanuni ya pili ni ya sampuli ya msingi: kila jina hufungwa kwenye sampuli moja iliyokaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa katika hebaria, yaani ghala ya mimea mikavu. Watu wakibishana juu ya maana ya jina, hukumu ya mwisho haitoki katika maelezo ya kitabu, bali katika sampuli ile.

Pamoja na kanuni hizo majina yalizidi kuongezeka, maana mmea uleule uliweza kupewa jina na watu watatu wasiojuana, mmoja Yemeni, mwingine Senegal, na wa tatu kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Charles Darwin aliliona tatizo hili na akaacha fedha za kugharimia orodha ya majina yote ya mimea ya maua. Orodha hiyo, Index Kewensis, ilitolewa na bustani ya Kew kati ya 1893 na 1895. Ukubwa wa tatizo waonekana vizuri zaidi katika orodha iliyotayarishwa baadaye na bustani za Kew na Missouri. Toleo lake la mwaka 2013 lilikuwa na majina ya spishi zaidi ya 1,060,000, na kati ya hayo yaliyokubaliwa yalikuwa kiasi cha 350,000. Mengine yalikuwa visawe, au yalikuwa hayajaamuliwa.

Hatua ya kuunganisha mimea, wanyama na viumbe vingine katika orodha moja ilifikiwa mnamo 2001 ilipoanzishwa orodha iitwayo Catalogue of Life. Orodha hii ilizaliwa na ushirikiano wa vyombo viwili: Species 2000, ulioongozwa na Frank Bisby wa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, na ITIS wa Marekani. Bisby, aliyefariki mwaka 2011, alikuwa mtaalamu wa mimea ya jamii ya kunde, na alifahamu kwamba hakuna mtu wala taasisi iwezayo kuvijua viumbe vyote. Kwa hiyo kila kikundi cha wataalamu huachiwa sehemu yake, hawa samaki, wale kunde, wengine mbu, na orodha kuu huziunganisha sehemu hizo kwa kompyuta. Leo ina spishi zaidi ya milioni 2.

Afrika Mashariki imetoa mchango wake katika kazi hii. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Sasa imo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mfululizo wa vitabu uitwao Flora of Tropical East Africa ulianza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ukiwa umeeleza spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wa majina ya kisayansi, basi, miti ya Kitui na Makueni imekwisha kuorodheshwa kwa uangalifu mkubwa.

UTHABITI WA JINA LA KISAYANSI

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba jina la Kilatini halibadiliki ilhali jina la mwenyeji ni la kubahatisha. Mfano wa mti uitwao mulaa, au muaa kwa wasemaji wengine wa Kikamba, waonyesha kinyume. Mti huu ni aina ya mgunga. Ulielezwa na Peter Forsskål, aliyefariki akiwa safarini Yemeni mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, na humo mti uliitwa Mimosa tortilis. Baadaye ulihamishiwa jenasi nyingine na kuitwa Acacia tortilis, jina ambalo wanafunzi wengi wa Kenya walifundishwa.

Mwaka 2005 mkutano wa wanabotania wa dunia uliofanyika Vienna uliamua kwamba jina Acacia libaki na kundi la Australia, lenye spishi zipatazo elfu moja, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukauthibitisha uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika jenasi mbili. Mulaa ukawa Vachellia tortilis, jina lililochapishwa mwaka 2008. Musemei ukawa Vachellia nilotica. Na muthia ukawa Senegalia mellifera. Mzee wa Mutomo aliyezaliwa akiuita mti huo mulaa aliendelea kuuita mulaa, na mbuzi wake waliendelea kuokota maganda yake chini ya kivuli kilekile.

Mazao nayo hayakuachwa. Ndengu, zao la biashara la wakulima wengi wa Kitui na Makueni, aliliita Linnaeus Phaseolus radiatus mnamo 1753. Jina litumikalo sasa, Vigna radiata, lilitolewa na R. Wilczek mwaka 1954 katika kazi yake juu ya mimea ya Kongo. Uwele, ambao Wakamba wauita mwee, ulijulikana kwa muda mrefu kama Pennisetum glaucum, na sasa wataalamu wengi wauandika Cenchrus americanus.

Mabadiliko haya si kasoro ya sayansi. Hutokea kwa sababu ujuzi wa nasaba za mimea umeongezeka. Sifa ya orodha nzuri ni kwamba haisahau: msomaji akiingia na jina la 1775 huongozwa hadi jina la leo, na visawe vyote huonekana mahali pamoja. Swali linalofuata ni la kawaida kabisa: ikiwa orodha yaweza kumpokea msomaji anayekuja na jina la Forsskål, kwa nini isimpokee anayekuja na jina mulaa?

WASAFIRI NA WAKUSANYAJI

Si kweli kwamba wataalamu wote waliyapuuza majina ya wenyeji. Forsskål mwenyewe aliyaandika majina ya Kiarabu kwa bidii, na jenasi ya miraa, Catha, imetokana na neno la Kiarabu. Tamarindus ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya tende ya Kihindi. Linnaeus alipouita mbuyu Adansonia kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyeishi Senegal katikati ya karne ya 18, Adanson mwenyewe alipendelea jina baobab lililokuwa likitumika tayari.

Kwa upande wa Ukambani, J. L. Krapf alifika huko mwaka 1849, na mwaka uliofuata akatoa msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa miongoni mwake. Mwaka 1877 Johann Maria Hildebrandt alitoka Mombasa hadi Kitui akikusanya mimea. Mti wa Newtonia hildebrandtii unalihifadhi jina lake. Sampuli nyingi za wakusanyaji wa Kijerumani wa wakati huo zilipelekwa Berlin, na sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin iliteketea kwa mabomu mwezi Machi 1943.

Katika karne ya 20 kazi ilifanywa kwa utaratibu zaidi. P. J. Greenway, mtaalamu wa Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Yeye na I. R. Dale walitoa kitabu cha miti na vichaka vya Kenya mwaka 1961 chenye majina ya lugha nyingi za nchi hiyo. Henk Beentje alifuata na kitabu chake cha mwaka 1994, na Patrick Maundu na Bo Tengnäs walitoa kitabu cha miti yenye manufaa ya Kenya mwaka 2005. Vitabu hivi ndivyo chemchemi ambayo orodha za kompyuta huchota majina ya Kikamba. Vilitungwa na wanabotania kwa manufaa ya wanabotania na maofisa wa misitu, na katika lengo hilo vilifaulu. Lakini jina likitolewa humo na kutiwa katika orodha ya kompyuta, hubaki neno tupu lenye alama ya lugha, kam, na jina la nchi. Mambo mengine yote huachwa nyuma.

MATATIZO YA KIISIMU

Tatizo la kwanza ni la ngeli. Katika Kikamba, kama katika Kiswahili, miti kwa kawaida imo katika ngeli ya mu-/mi-. Lakini mti uleule waweza pia kutajwa kwa kiambishi ki-, ambacho wingi wake ni i-, na aghalabu huashiria ukubwa. Ndiyo maana vitabu huonyesha jozi kama muthulu na kithulu kwa Croton megalocarpus, mulului na kilului kwa Balanites aegyptiaca, na muvingo na kivingo kwa mpingo. Orodha ya kompyuta huyahesabu maneno hayo kuwa majina sita ya miti mitatu. Msemaji wa Kikamba husikia mizizi mitatu tu, -thulu, -lului na -vingo, iliyovikwa viambishi viwili. Iwapo chaguo la kiambishi latokana na ukubwa wa mti, na umri wake, au na lahaja ya msemaji, ni jambo la kuulizwa kwa kila mzizi, na orodha yapasa kuwa na nafasi ya jawabu.

Tatizo la pili ni la mti na tunda lake. Msomaji wa Kiswahili hashangazwi na mkwaju na ukwaju, au mbuyu na buyu, maana mzizi waonekana wazi. Katika Kikamba tunda aghalabu huingia katika ngeli ya n-, na nazali hiyo hubadilisha konsonanti inayoifuata. Kisanawa ni mti, nzanawa ni tunda lake. Kikwasu ni mkwaju, ngwasu ni ukwaju. Kilului ni mti, ndului ni tunda. Kanuni ni ileile iletayo ndimi kutokana na ulimi katika Kiswahili. Mtu asiyeijua huyaandika kisanawa na nzanawa mbali kabisa katika mpangilio wa alfabeti, na pengine huyahesabu kuwa ni mimea miwili. Hapo orodha hupungukiwa na jambo muhimu kuliko tahajia: kwamba mmea huo una tunda lililostahili jina lake lenyewe, yaani tunda linaloliwa na kuuzwa.

Tatizo la tatu ni la lahaja na maandishi. Kikamba cha Kitui na Kikamba cha upande wa pili wa mto Athi hakifanani katika kila jambo. Mkwaju umerekodiwa kwa jina la kikwasu na pia kwa jina la kithumula, na orodha nyingi huyaweka majina yote mawili pamoja bila kusema lipi limesikika wapi. Isitoshe, Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu ya herufi i na u. Wachapaji wengi huziacha alama hizo, na urefu wa irabu nao huandikwa mara moja na kuachwa mara nyingine. Mukau, mti wa mbao, na mukawa, kichaka chenye matunda yaliwayo ambacho kisayansi huitwa Carissa spinarum, hutofautiana kidogo tu katika maandishi. Na jina la mbuyu kwa Kikamba ni muamba. Karani wa Kiswahili akiandika mwamba, msomaji wa pwani ataona jiwe.

Tatizo la nne ni kwamba mipaka ya maana haiwiani baina ya lugha na lugha. Mgunga wa Kiswahili ni jina pana; Kikamba hutenga mulaa, musemei na muthia. Kinyume chake, neno moja laweza kuvuka mpaka na kubadili maana. Ndengu ya Kitui na Makueni ndiyo choroko ya Tanzania, na pwani huitwa pia pojo. Lakini dengu katika masoko ya Tanzania ni Cicer arietinum, mmea mwingine kabisa. Orodha inayotoa jina moja la Kiswahili kwa nchi zote itampotosha mfanyabiashara anayenunua Arusha ili auze Wote.

Pamoja na matatizo hayo, majina haya ni ushahidi wa historia ya lugha. Mukuyu ni mkuyu wa Kiswahili bila badiliko kubwa. Muvingo na mpingo huonyesha v ya Kikamba mahali pa p ya Kiswahili. Mwee na uwele huonyesha l iliyodondoka, kama inavyodondoka katika kuima, ambalo ndilo neno la Kikamba la kulima. Majina yaliyofuata kanuni hizi huelekea kuwa urithi wa kale. Yale yasiyozifuata huenda yaliazimwa njiani. Jina lililonakiliwa vibaya huiharibu hoja ya mwanahistoria wa lugha kabla hajaianza.

MASLAHI YALIYOMO

Huenda ikaonekana kwamba mambo haya ni ya wanazuoni peke yao. Mifano mitatu yatosha kuonyesha kuwa sivyo.

Mfano wa kwanza ni mukau wenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoanzishwa mwaka 1986, imeushughulikia mti huu kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui. Kwa ushirikiano na Japani, kati ya 2012 na 2017, uliendeshwa mradi wa kuuboresha, na mashamba ya mbegu bora yalianzishwa Tiva katika Kitui na Kibwezi katika Makueni. Mbegu zake haziachi kokwa kwa urahisi, na wenyeji walikwisha tambua kwamba kokwa zilizopitia kwa mbuzi na kuokotwa zizini huota vizuri zaidi. Sasa katika biashara ya miche mti huu mara nyingi huitwa melia tu. Lakini kuna Melia azedarach, mti wa Asia uliopandwa mijini, ambao si mukau. Tena kuna mwarobaini, ambao Linnaeus aliuita Melia azadirachta mnamo 1753 kabla ya kutengwa mwaka 1830 kwa jina la Azadirachta indica. Mkulima anayeomba mche wa melia, kwa kudhani kuwa neno la kigeni ni la uhakika zaidi, huweza kupewa mti usio wake na kuugundua baada ya miaka. Angeomba mukau, asingekosea.

Mfano wa pili ni msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ambao Wakamba wauita kithawa. Mwaka 2007 uvunaji wake ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa amri ya Rais, kwa kuwa miti ilikuwa iking'olewa pamoja na mizizi ili mafuta yake yauzwe ng'ambo. Mwaka 2013 spishi hiyo ilitiwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Mkataba hutaja jina la Kilatini. Mwananchi anayetakiwa kuulinda mti hulijua jina kithawa. Neno msandali nalo, katika kamusi na masokoni, laweza pia kumaanisha Santalum album wa India. Sheria isiyo na kiungo cha uhakika kati ya majina hayo matatu ni vigumu kuelezwa barazani, na vigumu zaidi kutetewa mahakamani.

Mfano wa tatu wahusu uhai. Mukawa, ambao matunda yake huliwa na watoto malishoni, umo katika familia moja ya kibotania na kivai, mti wa jenasi Acokanthera uliotoa sumu ya mishale ya Wakamba. Mti mmoja hulisha, mwingine huua, na vichaka vyenyewe hufanana. Katika mambo ya namna hii jina sahihi lililofungwa kwenye sampuli sahihi ni kinga kwa daktari, kwa mwalimu na kwa mzazi.

NAMNA YA KUNAKILI

Kanuni ya wanabotania yaweza kuigwa moja kwa moja. Wao hawakubali jina lisilo na sampuli. Mwanaisimu naye asikubali jina la mwenyeji lisilo na sampuli, mahali na msemaji. Ingizo la kisanawa, kwa mfano, lingekuwa na mambo yafuatayo:

Mzizi: -sanawa.
Mti: kisanawa, wingi isanawa, ngeli ya ki-/i-.
Tunda: nzanawa, ngeli ya n-, s kugeuka z baada ya nazali.
Jina jingine lililorekodiwa: kisaaya.
Mahali na lahaja: kijiji, wilaya ndogo, upande wa mto Athi.
Msemaji: umri na kazi yake, pamoja na sauti iliyorekodiwa.
Sampuli: namba ya karatasi katika hebaria.
Jina la kisayansi: Berchemia discolor, ambalo katika orodha nyingine huandikwa Phyllogeiton discolor.

Ingizo kama hilo lina faida mbili. Kwanza, jina la Kilatini likibadilika, jina la Kikamba halihitaji kuguswa, maana limefungwa kwenye sampuli na si kwenye jina jingine. Pili, atakayepinga kwamba nzanawa ni tunda la mti huo ataweza kwenda kuitazama sampuli na kuisikiliza sauti, na ubishi ukaisha kwa ushahidi.

Mgawanyo wa kazi alioufuata Bisby nao wafaa hapa. Hakuna atakayeijua mimea yote ya lugha zote za Kenya. Lakini idara moja ya lugha na idara moja ya botania, zikikutana katika chuo kimoja, zaweza kuimaliza wilaya moja. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kipo Kwa Vonza, ndani ya Kitui. Hebaria ya Afrika Mashariki ipo Nairobi, safari ya saa chache tu. Wanafunzi wa isimu waliozaliwa Mwingi, Mutomo, Mbooni na Kibwezi wanayo tayari masikio yanayohitajika. Wanachokosa ni fomu moja ya kunakilia na mtu wa kuwafundisha kukausha tawi.

HITIMISHO

Orodha ya pamoja ya spishi za ulimwengu ni kazi kubwa ya kizazi hiki, na imefaulu kwa sababu haikulidharau jina lolote la zamani. Majina ya Kikamba yanastahili uangalifu huohuo. Yakiingizwa kwa mizizi yake, ngeli zake, lahaja zake na sampuli zake, yatamwezesha mkulima wa Kitui kuingia katika hazina hiyo kwa mlango wa lugha yake, na yatamwezesha mtaalamu wa mbali kufahamu kwamba mti anaousoma una tunda, una matumizi na una watu.

Hebaria ya Berlin ilipoungua, wanabotania waliweza kurudi katika maeneo mengi na kukusanya upya, maana miti ilikuwa bado imesimama. Kwa majina mambo ni mengine. Kijana aliyelelewa mjini huweza kupita chini ya kisanawa asijue kuwa kina jina, na mti hautamwambia. Ni msemaji tu awezaye kumwambia, na wasemaji wanaoyajua majina hayo kwa ukamilifu wengi wao ni wazee.